Programu za Kompyuta Yako: Ipi Uitunze, Ipi Uiache, na Namna ya Kuitunza

Mwaka juzi mama mmoja mwenye duka la stika na mabango hapa Tanga aliniletea kompyuta iliyopigwa window siku mbili nyuma. Fundi aliyeipiga hakuwa mzembe. Alinakili Documents, Desktop, picha za harusi, hata folda ya Downloads aliibeba. Hakuna faili lililopotea. Ila mashine ya kukatia stika ilikuwa imekaa kimya mezani, maana programu ya kuiendesha ilikuja na CD miaka 9 iliyopita, CD yenyewe ina mikwaruzo, na kampuni iliyoitengeneza ilishafunga tovuti yake. Michoro ya wateja, zaidi ya 400, ilikuwepo yote. Kila mmoja ulikuwa alama ya karatasi nyeupe isiyofunguka.

Watu wengi siku hizi wanajua kutunza kazi zao. Chombo kinachofungua kazi hizo ndicho kinachosahaulika, na siku kinapokosekana, mafaili yote uliyoyatunza kwa uangalifu yanabaki kuwa mzigo. Mwongozo huu unahusu chombo hicho: uamue vipi programu ya kuhangaikia, na ukishaamua ufanye nini. Nitazungumzia Windows, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi ninazozishika.

Hesabu ulicho nacho

Usianze kwa kununua diski. Anza na orodha. Kwenye Windows 10 au 11 fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri lililomo ndani ya Windows), chomeka flashi (tuseme imejitokeza kama D:), kisha andika:

`winget list > D:\orodha.txt`

Utapata majina ya karibu kila programu iliyosakinishwa pamoja na toleo lake. Halafu andika na hii:

`winget export -o D:\programu.json`

Amri hii ya pili ina faida mbili. Kwanza, siku ya kupiga window upya unaweza kuandika `winget import -i D:\programu.json` na kompyuta ikajishushia zenyewe zile programu za kawaida, mradi bando lipo. Faida ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi: inapofanya kazi, inakutajia programu moja moja ambazo haikuzikuta kwenye chanzo chochote. Yaani kompyuta yenyewe inakunyooshea kidole zile ambazo hutazipata kirahisi. Nyingine zitakuwa vikorokoro vya mtengenezaji wa laptopu visivyo na maana, lakini zilizobaki zinakili kwenye karatasi. Humo ndimo ilimo kazi yako.

Ongeza na vitu ambavyo orodha haivioni: fonti ulizonunua, vipachiko (nyongeza) vya Excel au Photoshop, na programu ndogo zinazoendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye folda bila kusakinishwa.

Swali moja kwa kila programu

Shika orodha na uulize kila jina: mtengenezaji wake akifunga leo, mimi nitaweza kuisakinisha tena na ikafanya kazi? Majibu yatakupa mafungu.

Kuna za bure zinazopatikana kila mahali: VLC, Firefox, LibreOffice, 7-Zip. Hizi usizipotezee usiku. Jina na toleo vinatosha. Kama uko mahali ambapo bando ni ghali au mtandao unasuasua, tunza setapu (faili la kusakinishia) moja ya kila moja, lakini ujue unaokoa bando tu. LibreOffice ina hata ghala la matoleo yake ya zamani mtandaoni, lililo wazi kwa kila mtu.

Kuna za kulipia kwa mwezi au mwaka, zinazofunguka kwa akaunti. Hapa setapu haina thamani kubwa. Bila akaunti haifunguki. Unachotunza ni barua pepe iliyofungulia akaunti, namba ya simu ya kurudishia nywila, na risiti ya malipo. Nimekutana na ofisi ambayo akaunti yao ya programu ya hesabu ilifunguliwa kwa barua pepe ya kijana wa mazoezi kazini ambaye alishaondoka, na namba ya simu aliyoisajili haipatikani. Walilipa upya. Angalia leo akaunti zako ziko kwa jina la nani.

Fungu la tatu ndilo lenye machozi: programu uliyonunua mara moja, ya zamani, au iliyofungamana na kifaa fulani. Ya mashine ya stika, ya darizi, ya mzani, ya kamera za ulinzi, ya kipimo cha maabara, ya hesabu za duka uliloanza nalo mwaka 2008. Nguvu zako zote ziende hapa.

Na kuna zilizovunjwa leseni, zile za kraki. Sitaficha ninachokiona kazini: virusi vingi ninavyoviondoa viliingia kwa njia hiyo. Ukiitunza setapu ya kraki unatunza na kilichojificha ndani yake, na siku utakayoihitaji ni siku ambayo kompyuta ni mpya na haina kinga. Itafutie mbadala halali sasa hivi, ungali na nafasi ya kuhamisha mafaili.

Hata ukiwa na setapu, uliza inaomba ruhusa wapi

Watu huamini CD na namba ya leseni ni mwisho wa mambo. Sivyo. Programu nyingi huuliza kwenye seva ya mtengenezaji kabla ya kufunguka, na seva huzimwa. Adobe walipozima seva ya kuamilisha (kuthibitisha) leseni za CS2, mkusanyo wa programu zao za michoro, mwishoni mwa 2012, waliokuwa na CD halali na namba halali hawakuweza kusakinisha upya kwa njia ya kawaida. Ilibidi kampuni itoe toleo jingine lisilohitaji kuamilishwa. Flash Player, iliyokuwa ikionyesha video na michezo ya mtandaoni, ni somo jingine. Usaidizi wake ulikwisha tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 yenyewe ikaanza kukataa kuonyesha maudhui, kwa sababu matoleo yake ya mwisho yaliwekewa tarehe ya kujizima. Aliyekuwa na setapu nzima kwenye diski hakusaidika nayo.

Kwa hiyo kwenye orodha yako, mbele ya kila programu ya fungu la tatu, andika mojawapo ya haya: haihitaji mtandao kabisa, inahitaji mara moja tu ya kuamilisha, inahitaji kila mara. Zile zinazohitaji mtandao ili kuamilishwa haziokolewi kwa setapu. Zinaokolewa kwa imeji ya diski nzima, nitakayofikia hapa chini.

Kunakili folda hakutoshi

Kila mwezi napata mteja mwenye flashi iliyojaa folda ya Program Files. Anaamini amebeba programu zake. Programu inaposakinishwa hujigawa: mafaili makuu huenda Program Files, mipangilio huandikwa kwenye rejista ya Windows, vipande vya msaada huingia System32, leseni mara nyingi hujificha ProgramData. Ukibeba folda moja umebeba mwili bila viungo. Zinazohamishika hivyo ni zile tu zilizotengenezwa kukaa kwenye flashi.

Pata setapu kamili

Angalia ukubwa wa faili. Setapu ya MB 2 ya programu kubwa ni mlango tu; ukiibofya inaanza kushusha programu yenyewe kutoka mtandaoni. Tafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji ile ya kusakinisha bila mtandao. Kisha ijaribu kweli: zima Wi-Fi, chomoa modemu, sakinisha. Ikifika mwisho bila kulalamika, ndiyo.

Mara nyingi italalamika inadai .NET Framework 3.5, vipande vya Microsoft ambavyo programu nyingine huvitegemea. Programu za zamani za biashara huipenda sana, na Windows 10 haiji nayo ikiwa imewashwa; ukiiwasha inataka kushusha mafaili mtandaoni. Dawa ni kuwa na ISO ya Windows (faili moja lililobeba kila kilichomo kwenye CD au DVD) ya toleo lilelile unalotumia. Ifungue kwa kuibofya mara mbili, angalia imepewa herufi gani (tuseme E:), kisha kwenye dirisha la amri lenye mamlaka ya msimamizi andika:

`dism /online /enable-feature /featurename:NetFx3 /all /source:E:\sources\sxs /limitaccess`

Kwa hiyo ISO ya Windows ni sehemu ya akiba yako. Angalia pia kama programu ni ya biti 16, enzi za Windows 3.1. Hizo hazifunguki kabisa kwenye Windows ya biti 64, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Programu ya aina hiyo utaitunza pamoja na Windows yake, ndani ya kompyuta ya kuigiza, yaani programu inayojifanya kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako.

CD na DVD zigeuze ISO leo. Kwa CD ya yule mama nilitumia GNU ddrescue kwenye Linux, ambayo hurudiarudia kusoma sehemu zilizokwaruzwa na kukumbuka imeishia wapi. Ilichukua usiku kucha, ikabakisha vipande vichache visivyosomeka, na kwa bahati havikuwa ndani ya mafaili tuliyoyahitaji. CD za kuandikwa nyumbani ndizo dhaifu zaidi. Joto na unyevu wa pwani haviziachi.

Namba za leseni

Namba ya leseni ya programu ya yule mama iliandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya kasha la CD, na jasho la vidole vya miaka 9 lilikuwa limeifuta nusu. Herufi ya saba ilikuwa B au 8. Tulijaribu B ikakataa, tukajaribu 8 ikakubali. Ingekuwa herufi mbili au tatu zimefutika hivyo, sijui tungekaa hapo mpaka lini.

Piga picha kasha, stika, risiti. Kisha ichape namba kwa maandishi, ukitofautisha sifuri na herufi O. Itunze kwenye kitabu cha nywila kama KeePassXC, na nakala nyingine kwenye karatasi ndani ya bahasha. Ufunguo wa Windows uliowekwa kiwandani ndani ya ubao wa laptopu unausoma hivi kwenye PowerShell:

`(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey`

Ikirudi bila kitu, laptopu haina ufunguo wa aina hiyo. Mara nyingi leseni imefungwa kwenye akaunti ya Microsoft au iko kwenye stika.

Mambo mawili yanayosahaulika. Programu nyingine huhesabu kompyuta: leseni ya mashine mbili ikitumika mara mbili, ya tatu inakataa. Ingia kwenye menyu yake uiondoe leseni kwenye kompyuta ya zamani kabla hujaifuta. La pili, kuna programu zinazolindwa kwa ufunguo wa USB, kile kidude kama flashi ndogo. Hakinakiliki kwa kukopi na kubandika. Tunza driva yake (programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa), kifunge kwa uzi kwenye kitu kikubwa, na usikiache kimechomekwa mbele ya kompyuta mahali miguu inapita.

Driva

Dakika tano tu. Chomeka diski ya nje, fungua dirisha la amri kama msimamizi, tengeneza folda D:\Driva, kisha:

`pnputil /export-driver * D:\Driva`

Kurudisha, baada ya kupiga window:

`pnputil /add-driver D:\Driva\*.inf /subdirs /install`

Hii inaokoa hasa driva ya Wi-Fi. Laptopu iliyopigwa window bila driva ya Wi-Fi haiwezi kwenda mtandaoni kutafuta driva ya Wi-Fi, na hapo ndipo watu hurudi kwa fundi kulipa mara ya pili. Kwa printa na skana amri hii haibebi kila kitu. Tunza setapu nzima ya mtengenezaji.

Imeji ya diski nzima

Hapa ndipo panahitaji uamuzi. Imeji ni picha ya diski yote: Windows, programu, leseni zilizoamilishwa, mipangilio. Inachukua nafasi na saa kadhaa. Kwa kompyuta ya nyumbani yenye VLC na Firefox sikushauri. Kupiga upya ni haraka zaidi. Kwa kompyuta inayoendesha mashine ya kazi, au yenye programu ambayo seva yake ya kuamilisha imeshazimwa, sioni njia nyingine ya kuaminika.

Mimi natumia Clonezilla. Anayeogopa maandishi kwenye skrini nyeusi atumie Rescuezilla, ina vitufe vya kubofya. Zote mbili ni za bure na huwashwa kutoka kwenye flashi. Kabla ya kuanza:

Zima kompyuta kabisa kwa amri `shutdown /s /t 0`. Ukizima kwa kitufe cha kawaida Windows hujilaza nusu ili iwake haraka kesho, na Clonezilla itaikuta diski imefungwa.

Angalia kama BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa siri, imewashwa. Laptopu nyingi mpya huja nayo bila mwenye kujua. Andika ufunguo wa kurejeshea wenye tarakimu 48 na uuweke nje ya kompyuta hiyo.

Rekodi ukubwa wa diski. Kwa kawaida imeji ya Clonezilla hurudi kwenye diski yenye ukubwa uleule au zaidi. Ukinakili ya GB 500 halafu ukanunua SSD ya GB 480, utakwama.

Na kama kompyuta imezeeka, kuna Disk2vhd ya Microsoft. Inageuza diski kuwa faili ambalo VirtualBox, programu ya kutengeneza kompyuta za kuigiza, inaweza kuliwasha ndani ya kompyuta mpya. Windows inaweza kudai leseni kwa kuwa imeona mwili tofauti, lakini programu ya zamani utaiona imefunguka na mafaili yako utayatoa. Vifaa vya USB huweza kupitishwa ndani. Vya tundu la zamani la printa, usitegemee.

Folda na karatasi yake

Kila programu iwe na folda yake, jina likiwa na toleo na mwaka. Setapu iitwayo setup.exe peke yake ni fumbo baada ya miaka miwili. Ndani weka faili la SOMA.txt. La yule mama liko hivi:

> Programu: ya kukatia stika, toleo 5.2, biti 32
> Inafanya kazi kwenye: Windows 7, Windows 10. Windows 11 haijajaribiwa
> Mtandao: haihitaji
> Leseni: bahasha ya kijani, droo ya pili. Herufi ya saba ni NANE
> Kwanza sakinisha driva, KISHA chomeka waya wa mashine
> Mafaili yake huishia .plt
> Ilijaribiwa mara ya mwisho: 3 Julai

Ule mstari wa driva kabla ya waya tuliupata kwa kupoteza mchana mzima. Andika vitu vya namna hiyo siku ileile, kwa maneno yako.

Mwisho ongeza alama ya ukaguzi:

`certutil -hashfile setup.exe SHA256`

Utapewa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Unakili ndani ya SOMA.txt. Ukirudia amri baada ya mwaka na mfuatano ukawa tofauti hata kwa herufi moja, faili limeharibika au limeguswa. Chukua nakala nyingine.

Pa kuweka

Kanuni ya wapiga picha inanitosha: nakala tatu, aina mbili za vyombo, moja ikae nje ya nyumba. Kwa mfukoni mwetu, hiyo ni kompyuta yenyewe, diski ya nje ya kuzunguka, na nakala mtandaoni au kwa ndugu mtaa mwingine. Google Drive inatoa GB 15 bure. Setapu za fungu la tatu mara nyingi hazifiki hata GB 5, kwa hiyo zinaenea. Imeji ndizo zitabaki kwenye diski.

Flashi isiwe ghala lako la pekee. Na flashi ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya kutupa barabarani ni ya uongo: inajitangaza TB 2 lakini ndani ina GB chache, inapokea mafaili huku ikiyafuta ya mwanzo. Flashi au diski yoyote mpya ijaze kwanza kwa H2testw, ambayo inaandika mpaka mwisho na kusoma tena. Kama imefomatiwa FAT32 haitapokea faili linalofika GB 4, hivyo ISO ya Windows itakataliwa. Ifomati exFAT au NTFS.

Diski ikimaliza kazi, ichomoe. Virusi vya kuteka mafaili hufunga kila kinachoonekana, pamoja na diski iliyoachwa imechomekwa. Ukanda wa pwani weka na kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya.

Jaribu, na utoe kazi nje

Tafuta kompyuta nyingine au tengeneza ya kuigiza ndani ya VirtualBox. Zima mtandao. Sakinisha kwa kufuata SOMA.txt peke yake, bila kutumia kumbukumbu yako. Kisha fungua faili halisi la mteja, si programu tupu. Kama kuna mashine, ichomeke uione inatembea. Sisi tulikata stika moja ya daladala.

Ungali na programu inayofunguka, toa mafaili muhimu kwa mfumo mwingine: hesabu ziwe CSV na PDF, michoro iwe SVG, barua ziwe ODT. Fanya hivi hata kama una imeji tatu. Programu ya hesabu inaweza kukataa siku moja, lakini CSV inafunguka hata kwa Notepad.

Rudia ukaguzi Januari na Julai: chomeka diski, linganisha alama tatu nne za SHA256, sakinisha programu moja utakayoichagua bila mpango. Andika tarehe kwenye SOMA.txt. Halafu mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani au wa dukani ilipo diski na ilipo bahasha. Kwa yule mama ni binti yake wa kidato cha tatu, na mara ya mwisho ndiye aliyesakinisha, mimi nikiwa nimeketi pembeni.